Aliyekuwa Darini: Mtazamo wa Msimulizi katika 2 Samweli 11–12

Katika mahubiri juu ya Daudi na Bath-sheba husikika mara nyingi kwamba mwanamke yule alioga darini ili mfalme amwone. Tukiifungua sura ya 11 ya Kitabu cha Pili cha Samweli tunakuta kwamba aliyekuwa darini ni Daudi. Mahali alipoogea Bath-sheba hapakutajwa, wala nia yake haikuelezwa. Kosa hili, kwa maoni yetu, hutokana na kutojiuliza tunalitazama tukio kwa macho ya nani.

Wahakiki wa fasihi humtofautisha anayesimulia na anayeona. Wayne Booth, katika kitabu chake cha mwaka 1961, alionyesha jinsi msimulizi anavyoongoza huruma na hukumu ya msomaji hata pale asipotoa mafundisho ya wazi. Robert Alter (1981) na Meir Sternberg (1985) walizichambua kwa njia iliyo karibu na hiyo habari za Agano la Kale. Sternberg aliishughulikia sura yetu hii kwa kirefu, akitilia mkazo yale ambayo msimulizi ameyanyamazia.

Msimulizi wetu hujua yote, hata yanayomchukiza Mungu. Lakini hujizuia kusema. Katika aya ya 2 anatuweka kando ya Daudi, nasi tunaona anachokiona yeye. Hapo ndipo penye mtego: tukisahau kwamba macho hayo ni ya mfalme, tamaa yake tutaihesabu kuwa tabia ya mwanamke. Basi na tuvifuate vitenzi. Daudi anatuma kuuliza, anatuma wajumbe, anamtwaa. Naye mume wa mwanamke yuko vitani Raba kwa amri ya mfalme huyo huyo. Maneno ya Bath-sheba katika sura nzima ni taarifa ya mimba tu, ambayo kwa Kiebrania ni maneno mawili. Uria anapokufa, msimulizi hamwiti mwanamke kwa jina lake, bali kama mke wa Uria anayemlilia mumewe. Ni mwishoni mwa sura tu tunapofunuliwa hukumu ya Mungu, nayo inamtaja Daudi.

Katika sura ya 12 Nathani anamgeuza mtendaji kuwa msikilizaji. Anasimulia habari za watu wasio na majina, katika nafsi ya tatu, na Daudi, akiwa mbali na kisa, anatoa hukumu kwa hasira. Ndipo nabii anapohamia nafsi ya pili, na mfalme ananaswa kwa kinywa chake mwenyewe. Kama Nathani angeanza kwa shutuma, huenda Daudi angejitetea. Tuangalie pia kwamba katika mfano huo mwana-kondoo hana kosa lolote.

Wapo wanaohofu kwamba usomaji wa namna hii huyafanya Maandiko kuwa hadithi za kubuni. Hofu hiyo tunaielewa, lakini kuuliza tumewekwa wapi ili tulitazame tukio si kukana kwamba tukio lilitokea. Wala hatudai kwamba mbinu hii inatufunulia moyo wa Bath-sheba. Msimulizi ameufunika, na mhubiri hana ruhusa ya kuujaza ukimya huo kwa mashtaka.

Jambo hili si la darasani tu. Katika sharika zetu wamo wanawake waliowahi kuitwa na wenye mamlaka, wakashindwa kukataa. Wakisikia mimbarini kwamba Bath-sheba alimtega mfalme, wanarudi nyumbani na hatia ambayo msimulizi hakumtwika mwanamke yule, wala nabii hakumtwika. Kwa hiyo, kabla ya kuandaa mahubiri juu ya sura hizi, hatuna budi kwanza kushuka darini kwa Daudi na kuketi mahali Nathani alipomketisha mfalme, yaani pa msikilizaji ambaye huenda habari inamhusu yeye mwenyewe.