Ukuta wa Shirika

Mtu aliyelelewa kihambani Old Moshi, akifika Mji Mkongwe wa Unguja, hustaajabia kwanza milango ya nakshi. Lakini jambo la kutazamwa zaidi ni hili: nyumba zashikana bega kwa bega. Kwetu mlimani kila nyumba husimama peke yake kati ya migomba, na mpaka wake ni isale. Huko mpaka ni ukuta, nao ni wa watu wawili. Yafaa tuupime ujenzi huo, maana vihamba vyetu vimegawanywa kwa wana na wajukuu hata vimekuwa vyembamba, na wengi wetu twahamia mjini, ambako viwanja ni haba.

Uingereza walipata kujifunza jambo hili kwa moto. Mji wa London uliungua mwaka 1666, na sheria ya 1667 ikaamuru nyumba zijengwe kwa matofali au mawe, zikitengwa kwa kuta imara. Katika zama za wafalme walioitwa George, tangu 1714 hata 1830, nyumba za safu zikawa fahari ya miji. Iliyo mashuhuri kupita zote ni Royal Crescent katika mji wa Bath, iliyojengwa na John Wood mdogo kati ya 1767 na 1774: nyumba 30 zilizopindwa kama mwezi mwandamo, hata mpita njia hudhani ni jumba moja la mfalme. Wood alitoa umbo la mbele tu. Kila mnunuzi akajenga nyuma apendavyo.

Wako wasemao huo ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Shutuma hiyo ina haki kwa sehemu. Watumishi walifanya kazi katika vyumba vya chini ya ardhi na kulala darini, na uso ule wa fahari haukusema neno juu yao. Hata hivyo hatukubali kwamba uso wa namna moja ni uongo. Tajiri hakuweza kuinua paa lake kumpita jirani. Njia ilikuwa ya wote, na kila mmoja aliipa heshima.

Unguja hakukuwa na Wood wa kuchora mtaa mzima. Umoja wake umetoka katika vifaa: mawe ya matumbawe, chokaa, na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Kwa hiyo nyumba ya tajiri ilikuwa na vyumba vingi, wala si vipana sana. Tena mbele kuna baraza, ambayo Bath hawakuwa nayo. Kwa jambo hili twaona Unguja imeshinda: nyumba yampa mgeni mahali pa kuketi kabla hajaulizwa jina.

Kasoro yake ni kwamba ujenzi huu hauvumilii mwenyeji mvivu. Paa likivuja, maji hushuka ukutani, na ukuta ukilegea humdhuru jirani pia. Wengine hupaka saruji wakidhani waimarisha. Lakini saruji huzuia unyevu kutoka, na jiwe huoza ndani, ilhali chokaa huupitisha. Hata jumba la Beit el Ajaib, la mwaka 1883, lililosimama peke yake, lilibomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa. Ikiwa jumba la sultani halikusalimika, nyumba za mitaani zitasalimikaje zisipotunzwa?

Basi tusijenge safu kwa kuiga sura tu. Atakaye ukuta wa shirika sharti akubali kwanza matengenezo ya shirika. Watu wa Kilimanjaro hawahitaji kufundishwa hayo na mgeni. Wazee wetu walichimba mifongo ya kuleta maji vihambani, na waliokunywa mfongo mmoja walitoka pamoja kuuzibua, kila mtu na jembe lake. Asiyetoka alitozwa faini. Sheria hiyo ya maji ndiyo itakiwayo kwa ukuta: iandikwe kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, nani atapaka chokaa, nani atalipia paa, na kwa zamu gani.