Nani analipa bukari ya mfungwa?

Ndugu zangu wa chama, hoja moja inarudi kila mara tukizungumza sheria: magereza yetu ni mabaya juu serikali haina pesa, kwa hiyo iongeze bajeti na ijenge mengine. Mimi naona hoja hiyo ni kweli nusu, na ile nusu nyingine inatupoteza.

Tuanze na Makala, kule Kinshasa. Lilijengwa mu 1957 kwa watu 1.500. Mu 2024 lilikuwa limebeba watu zaidi ya 12.000. Usiku wa kuamkia Septemba 2, 2024, watu wakajaribu kutoroka. Serikali yenyewe ikatangaza wafu 129, 24 kati yao kwa risasi, na wengi wa waliobaki kwa kusukumana na kukosa hewa. Wanawake wakabakwa mule ndani.

Sasa, wengi wa wale waliojaa Makala walikuwa hawajahukumiwa. Walikuwa wanangojea. Katiba yetu, article 17, inasema uhuru ndio kanuni na kufunga ni jambo la pekee. Article 18 inaipa garde à vue masaa 48 tu. Sisi tuliosoma droit tulikariri hayo yote na tukapata pointi zetu. Lakini dosie inalala ku parke, karani hana karatasi, hakimu hana transport, na kijana aliyeshikwa juu ya simu anamaliza miezi ndani. Kila siku yake moja ina bei. Bei hiyo haionekani mu bajeti, njo maana tunadhani ni bure.

Mama mmoja jirani yetu anaijua ile bei. Mtoto wake yuko ndani, bado hajaonana na hakimu. Mama anapika bukari na sombe, analipa pikipiki, anafika ku mlango, pale kuna kitu cha kumpa mlinzi, ndani kuna kitu cha kumpa mkubwa wa chumba. Siku hiyo hauzi sokoni. Wadogo wa yule kijana walirudishwa shuleni juu ya minerval. Ukiniuliza gharama ya haki yetu ni ngapi, nitaanza kuhesabu kwa ile sahani, mbele ya kufungua vitabu vya minisita wa fedha.

Na kujenga? Kisangani tumeona. Mu 2022 Mahakama ya Haki ya Kimataifa iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 juu ya vita, na watu wa Kisangani walioteseka mu vita ya siku sita ya 2000 wamo mu wale wanaongojea malipo. Kisha likaja wazo la gereza jipya pale pale. Septemba 2, 2025, mwaka mmoja kamili baada ya Makala, Cour de cassation ikamhukumu Constant Mutamba, aliyekuwa minisita wa haki, miaka mitatu ya kazi ya nguvu juu ya dola milioni 19 na zaidi za mradi ule, zilizotoka mu mfuko wa wahanga. Yeye alikana mashtaka mpaka mwisho. Hata hivyo nauliza: nani aliona ni sawa mhanga alipie ukuta wa gereza?

Wenzangu watanijibu: basi tuache watu walale juu ya watu? Hapana. Nasema tuanze na kitu cha bei ndogo. Kupeleka mahakimu kufanya audience ndani ya gereza lenyewe kunataka mafuta ya gari, chakula chao, karatasi, na avoka wa kusimama na maskini. Imekwisha kufanyika mu miji yetu, na kila ikifanyika kuna watu wanatoka siku ile ile juu hakuna cha kuwashika. Tofali haijamtoa mtu.

Kesho ni zamu ya mama kupeleka chakula. Jioni hii amepita kuomba pesa ya pikipiki. Ya kwenda tu. Kurudi, anasema, atatembea.