Munganga wa nani? Juu ya Sam Bowie, Embiid, na maumivu tunayoficha



Kila mwezi wa 6, drafti ya NBA ikifika (ile siku ekipe za Marekani zinachagua vijana wapya kwa zamu), hapa Eringeti nasi tunageuka wakubwa wa ekipe. Rezo inakatika, bateri iko karibu kuzima, lakini hukumu haikosi. Na hukumu inayopendwa kuliko zote ni hii: Portland walikuwa wajinga. Mwaka 1984 walimchagua Sam Bowie kwenye nafasi ya 2, wakamwacha Michael Jordan aende Chicago kwenye nafasi ya 3. Bowie akavunjika mguu, Jordan akawa Jordan. Mambo imeisha.

Mimi nakataa. Sisemi Portland walichagua vizuri. Nakataa juu hukumu hiyo inaangalia mwisho wa hadithi peke yake, halafu inaruka swali lenyewe: habari za mwili walizokuwa nazo siku ile zilitoka wapi, na nani alipata faida kusema ukweli?

Tuangalie Bowie. Alipokuwa chuo kikuu cha Kentucky, mfupa wa muundi wa kushoto ulimkosesha misimu 2 mizima. Portland walijua, ndiyo maana waganga wao walimpima sana kabla ya kumchukua. Miaka mingi baadaye, katika filamu ya mwaka 2012, Bowie mwenyewe alieleza: walipokuwa wanamgonga muundi na nyundo ndogo, aliwaambia hasikii kitu. Kumbe ndani alikuwa anaumia. Akaeleza pia kwamba alikuwa na watu wake wenye mahitaji.

Hapo njo penye mambo yote. Nyundo ilifanya kazi yake. Ukweli ulikwama mdomoni mwa kijana.

Siwezi kumrushia jiwe. Nikiwa mwaka wa 5 wa sekondari, ekipe yetu ya basketi ilikuwa iende kucheza Beni. Kifundo changu cha mguu kilikuwa kimevimba. Mwalimu alikibonyeza na kidole gumba: «Inauma?» Nikajibu: «Hapana, mwalimu.» Machozi yalikuwa karibu. Nilicheza dakika chache, nikatolewa tereni nimebebwa mgongoni. Yaya yangu alinikanda na maji moto wiki nzima, akinigombeza. Mpaka leo mvua ikikaribia, kifundo kinanikumbusha. Na yote hiyo ilikuwa juu ya nini? Safari ya siku moja na chupa ya Fanta. Kama mimi nilidanganya juu ya Fanta, nitamdai ukweli vipi mtu aliyekuwa karibu kubadilisha maisha ya familia nzima?

Wazazi wetu wanaouza kakao wanaelewa hii mbio kuliko wachambuzi. Mnunuzi anakuja na mizani yake, anatia mkono ndani ya gunia, na yeye njo anasema kama kakao imekauka. Hata akiwa mtu mwema, mizani ni yake. Munganga wa ekipe ni vile vile. Anampima kijana, lakini mwenye kumlipa ni mnunuzi. Kwa hiyo tukisema «mashaka ya kiganga», tusifikiri yako ndani ya mfupa tu. Mengine yako kati ya anayeuliza na anayejibu.

Sasa drafti ya mwaka 2014. Joel Embiid, mtoto wa Yaoundé, alipasuliwa mguu siku chache tu kabla. Kilichovunjika ni kimfupa cha katikati ya mguu ambacho damu inakifikia kwa shida, kwa hiyo kinapona polepole na kinaweza kuvunjika tena. Wengi walimwona ndiye wa 1. Philadelphia walimchukua nafasi ya 3. Akapasuliwa mara ya pili, akakosa misimu 2 yote, na muda huo alikuwa analipwa. Alianza kucheza mwezi wa 10, 2016. Mwaka 2017 wakamwongezea kontra ya miaka 5, lakini wakatia vifungu vya kujikinga kama miguu au mgongo vitamwangusha tena. Mwaka 2023 alipewa zawadi ya mchezaji bora wa NBA. Magonjwa ya mwili hayakumwacha, lakini mashaka yaliandikwa wazi kwenye karatasi, pande zote 2 zikayabeba.

Linganisha na Bol Bol, mzaliwa wa Khartoum, mtoto wa Manute Bol. Mwaka 2019 alikuwa na mvunjiko wa kimfupa kile kile, pamoja na mashaka mengine juu ya wembamba wake. Yeye alianguka mpaka nafasi ya 44, akapata kwanza kontra ndogo. Mfupa mmoja, bei mbili. Yule ambaye ekipe zilimtamani sana, ekipe ilibeba mashaka yake. Yule waliyemtamani kidogo, aliyabeba mwenyewe.

Tena usiku ule wa 2014 kulikuwa kijana mwingine, Isaiah Austin. Vipimo vya kabla ya drafti vilionyesha ana ugonjwa wa Marfan, ambao unaweza kudhoofisha mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo. Aliambiwa aache. Adam Silver, mkubwa wa NBA, akaita jina lake kwa heshima tu. Mwisho wa 2016 waganga walimruhusu kucheza tena, akacheza nje ya Marekani. Basi hata ile «hapana» haikuwa ya milele. Lakini ilikuwa sawa kuisema: mfupa ukivunjika, mtu anapoteza msimu; mshipa ule ukipasuka, anapoteza maisha. Mashaka ya aina hizi 2 hayapimwi kwenye mizani moja.

Mtu atasema: «Ekipe ni biashara, si shirika la huruma.» Sawa. Lakini ni biashara gani inayofaidika na uongo? Wa Portland waliulipia. NBA wenyewe wameanza kuelewa: kwa mkataba wa 2023, vijana wanaoitwa kwenye vipimo vya pamoja lazima wapimwe, na matokeo ya wale 10 wa juu yanaonwa na baadhi ya ekipe tu, si zote. Ni hatua nzuri. Ila bado haijamwambia kijana: ukisema inauma, hautapoteza mkate.

Sisi huku tulishajifunza somo hili kwa uchungu. Wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, kontakti hakuwa mgonjwa. Alikuwa mtu wa kufuatiliwa siku 21. Lakini wengi walijificha, juu waliogopa kitakachofuata wakijitokeza. Pale ambapo ukweli unamgharimu anayeusema, hautaupata, hata uwe na mashine gani.

Jonathan Kuminga alizaliwa Goma, akachaguliwa nafasi ya 7 mwaka 2021. Tangu hapo kila mtoto mrefu wa Kivu anaambiwa «na wewe utafika». Akipata bahati ya kuitwa, huyu mtoto wa Eringeti atafika bila dosiye ya kiganga, juu familia ilikimbia usiku na karatasi zikabaki nyumbani. Wasomaji wa dosiye wasidanganyike: dosiye tupu haisemi mwili ni mzima. Inasema tu hakuna aliyeandika.

Kwa hiyo ninyi mnaofundisha basketi mashuleni, na ninyi mtakaokaa kesho kwenye kiti cha kuajiri, musiishie kwa «inauma?». Semeni kwanza: «Ukiniambia inauma, nafasi yako itakungojea.» Halafu mtimize. Mimi ningeambiwa vile siku ile, ningebaki nyumbani, na mwaka uliofuata ningeenda Beni na miguu 2 mizima.