Ng'ambo ya Rusizi Inavyosogezwa Karibu: Urefu wa Fokasi na Upana wa Picha

Picha za mji wa Bukavu, nchini Kongo, zinazopigwa kwa lenzi ndefu kutoka kwenye miinuko ya Kamembe, wilayani Rusizi nchini Rwanda, huonyesha nyumba za ufukweni na milima iliyo nyuma yake vikiwa vimebanana, na mtazamaji huelekea kuamini kwamba ni lenzi iliyovisogeza pamoja. Imani hiyo ina ukweli nusu tu. Ili kuipima ni lazima kwanza kueleza urefu wa fokasi, yaani umbali, unaohesabiwa kwa milimita, kati ya kitovu cha lenzi na filamu au kihisi, ambacho ni kipande kinachopokea mwanga katika kamera za kidijitali, wakati lenzi imelenga kitu kilicho mbali sana.

Umbali huo, pamoja na upana wa kihisi, ndio unaoamua ni sehemu gani ya mandhari itakayoingia kwenye picha. Kwa kihisi cha milimita 36, lenzi ya milimita 24 huchukua pembe ya nyuzi 74 hivi kwa mlalo, ya milimita 50 nyuzi 40, na ya milimita 400 nyuzi 5 tu. Hesabu yake ni nyepesi, kwani upana wa kihisi huzidishwa kwa umbali wa kitu, kisha jibu hugawanywa kwa urefu wa fokasi; kwa hiyo ufuko wa Ziwa Kivu ulio umbali wa kilomita 2 huingia kwa upana wa kilomita 3 kwenye lenzi ya milimita 24, na kwa mita 180 kwenye ile ya milimita 400. Kihisi kikiwa kidogo zaidi, lenzi ileile huchukua eneo dogo zaidi, ingawa urefu wake wa fokasi haukubadilika hata kidogo.

Kubanana kwa vitu, hata hivyo, hutokana na mahali aliposimama mpiga picha. Ikiwa watu wawili wameachana kwa mita 10 kwenye daraja la Mto Rusizi, na wa mbele yuko mita 10 kutoka kwenye kamera, wa nyuma ataonekana nusu ya kimo cha mwenzake. Mpiga picha akirudi nyuma hadi mita 100, wa nyuma atafikia takriban asilimia 91, na nafasi iliyo kati yao itaonekana kama imemezwa. Lenzi ya milimita 400 hapo hufanya kazi moja tu, ya kumrudishia mtu wa mbele ukubwa aliokuwa nao kwa lenzi ya milimita 40 kabla mpiga picha hajarudi nyuma. Mwenye shaka aipige picha ya pili kwa lenzi ya milimita 40 kutoka mita hizohizo 100, aikate katikati na kuikuza mara 10: mpangilio utakuwa uleule, ila picha itakosa ukali.

Katika msitu wa Cyamudongo, makao ya sokwe katika wilaya hiyohiyo, uhuru wa kurudi nyuma haupo, kwa kuwa miti huziba njia ya macho. Huko lenzi ndefu hutumika kwa sababu mnyama hasogelewi, na gharama yake ni mtikisiko wa mikono, ambao hukuzwa pamoja na picha.

Suala la mahali aliposimama mpiga picha lina uzito wake katika historia. Mnamo Agosti 1994 wakimbizi wengi walivuka kutoka Cyangugu, upande wa Rwanda, kwenda Bukavu, na umati wowote uliopigwa kwa lenzi ndefu kutoka mbali huonekana umesongamana kuliko ulivyokuwa, bila picha kughushiwa. Kwa hiyo, mhariri anayechapisha picha ya daraja la Mto Rusizi hana budi kuuliza mpiga picha alisimama wapi, kabla ya kuuliza alitumia lenzi gani.