Rula, Mkasi na Gundi ya Unga

Kazi huanza kwa kunawa mikono. Wino wa gazeti hushika vidole, na vidole vyenye jasho huacha madoa kwenye karatasi ambayo mzee huyu anataka idumu kuliko yeye. Ananawa, anajifuta kwa kitambaa cha pamba, kisha anakaa kwenye meza yake uani, katika mojawapo ya nyumba chache za vyumba sita zilizosalia katikati ya maghorofa ya Mtaa wa Narung'ombe. Nje, Kariakoo imekwisha amka. Mikokoteni inagombea njia, spika zinataja bei, na wapagazi wanashusha marobota ya nguo na vyombo kutoka Guangzhou na Yiwu. Mezani kuna Uhuru, gazeti la chama tawala, CCM. Kuna HabariLeo na Daily News, magazeti ya serikali. Kuna rula ya chuma na penseli. Mkasi bado umo kwenye droo.

Zamani alikuwa mpanga herufi kiwandani, enzi za herufi za risasi, herufi moja baada ya nyingine kwa mkono. Ndiyo maana hasomi ukurasa kama mimi na wewe. Anajua kwamba kila kilichopo juu kimewekwa juu na mtu, na kila kilichobanwa kwenye kona kimebanwa na mtu. Kwa miaka mingi amekuwa akikata na kubandika habari za jambo moja tu: China inavyoonekana katika magazeti ya chama na serikali ya Tanzania, na viongozi wake wanavyopangwa humo. Hakutumwa na mtu wala halipwi.

Usomaji wa kwanza ni wa macho tu. Anapitia gazeti lote hadi ukurasa wa michezo, kwa sababu habari ya China inaweza kuwa kwenye biashara, kwenye tangazo la ubalozi, au kwenye pongezi za siku ya taifa, 1 Oktoba. Akiiona, haiwekei alama. Anaendelea hadi mwisho, anarudi mwanzo, ndipo anachukua rula. Anapima upana wa habari kwa idadi ya safu, kisha urefu. Anaangalia kama iko juu ya mkunjo wa gazeti au chini yake, maana kilicho juu ndicho kinachoonekana gazeti likiwa limelazwa kwenye meza ya muuzaji pale Mnazi Mmoja, na wengi husoma wakiwa wamesimama hapo hapo bila kununua.

Baada ya vipimo huja vyeo. Hapa hutulia sana. Vyombo vya habari vya dola ya China, vikieleza mambo ya ndani, humtaja Xi Jinping kwa mpangilio usiobadilika: kwanza Katibu Mkuu wa Kamati Kuu ya Chama cha Kikomunisti, kisha Rais wa nchi, kisha Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Kijeshi. Chama mbele, nchi katikati, jeshi mwisho. Katika ugeni wa kiserikali mara nyingi anabaki Rais tu. Mzee anapiga mstari mwembamba chini ya cheo kilichotangulia. Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere ilipofunguliwa Kibaha, Februari 2022, ikiwa mali ya vyama sita vya ukombozi kikiwemo CCM na imejengwa kwa msaada wa chama cha China, kilichokuwa kikizungumza ni chama kwa vyama. Kwa macho yake hiyo ni habari tofauti kabisa na ya mkopo au ya barabara, hata kama wanaopeana mikono ni wale wale.

Kisha anatafuta chanzo: mwandishi wetu, au Xinhua? Habari ya shirika la habari la dola ya China, hata ikichapwa Dar es Salaam, ilipangwa Beijing, na mpangilio wake wa majina ni wa Beijing. Hizo anaziwekea nukta pembeni. Za waandishi wa hapa anaziacha bila nukta, kwa kuwa zina mambo yake: nani alikwenda uwanja wa ndege, Rais mwenyewe au waziri, na gwaride lilikuwepo au halikuwepo.

Saa nane mchana anaweka penseli chini. Ni saa moja jioni Beijing, wakati wa taarifa ya habari ya televisheni ya taifa, Xinwen Lianbo. Mjukuu anamfungulia kwenye simu. Mzee hajui Kichina, na kwa kazi hii hakihitaji sana. Anatazama nani anaonekana kwanza, nani anafuata, nani ameketi karibu na kiti cha katikati. Matangazo ya Kiswahili kutoka Beijing aliyazoea tangu ujana. Yalianza 1 Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru wa Tanganyika, na yeye bado huyatumia kuhakikisha jina au tarehe.

Mkasi hutoka mwisho. Ni mkasi wa fundi cherehani, mzito, wenye makali marefu, ili mkato mmoja ufike mbali bila kukata vipande vipande. Hakati kwenye mstari wa habari. Anaacha ukingo wa upana wa punje ya mchele pande zote, na sehemu ya juu yenye jina la gazeti na tarehe huikata peke yake ili iende pamoja na habari. Habari isiyo na tarehe, kwake, ni karatasi ya kufungia karanga.

Gundi anapika mwenyewe. Unga wa ngano unakorogwa na maji baridi hadi mabonge yaishe, ndipo unawekwa kwenye moto mdogo, na mwiko hautulii. Ukianza kuwa mzito na kung'aa, anatia shabu kidogo iliyosagwa ili wadudu wasiupende. Anauacha upoe kabisa, kwa sababu gundi ya moto hukunja karatasi ya gazeti. Anapaka kwa brashi nyuma ya kipande, kutoka katikati kwenda pembeni, kwa tabaka jembamba. Anakilaza kwenye kaunta buku, anafunika kwa karatasi safi, anapitisha kiganja mara moja. Juu yake anaweka pasi ya mkaa isiyo na mkaa, na hapo hapaguswi mpaka kesho.

Siri ya madaftari yake iko kwenye ukurasa wa kulia. Habari hubandikwa kushoto tu. Kulia huachwa wazi, kwa ajili ya kile kitakachokuja baadaye. Fungua daftari la 1965. Kushoto, ziara ya Mwalimu Nyerere Beijing mwezi Februari, na mkataba wa urafiki wa tarehe 20. Kulia, ziara ya Zhou Enlai Dar es Salaam mwezi Juni mwaka huo huo. Kwenye 1971, kushoto kuna kura ya Umoja wa Mataifa ya 25 Oktoba, 76 dhidi ya 35, iliyoirudisha China kwenye kiti chake huku Balozi Salim Ahmed Salim akiwa miongoni mwa waliopigania sana. Kulia kuna jina moja kwa penseli: Lin Biao. Mtu huyu alikuwa ametajwa ndani ya katiba ya chama ya 1969 kuwa mrithi wa Mao. Baada ya Septemba 1971 jina lake likakatika magazetini, na gwaride la 1 Oktoba likafutwa. Maelezo rasmi ya kutoweka kwake hayakutoka nje hadi katikati ya 1972. Mzee aliliacha jina kwa penseli muda wote huo. Maelezo yalipotoka, akalipitia kwa wino.

Hiyo ndiyo kanuni yake, na ndiyo ninayoistahi kuliko zote. Penseli kwa asiyeonekana, wino kwa kilichothibitishwa. Mwaka 2023 Waziri wa Mambo ya Nje, Qin Gang, alianza Januari kwa kuzuru Afrika, kama mawaziri wa China wa wadhifa huo wanavyofanya kila mwaka tangu 1991. Baada ya 25 Juni hakuonekana tena hadharani. Makundi ya simu yakajaa habari za kifo, za kifungo, za mapenzi. Daftari la Narung'ombe likawa na maneno mawili ya penseli na tarehe. Tarehe 25 Julai aliondolewa uwaziri na Wang Yi akarudishwa, hayo yakaandikwa kwa wino. Sababu haikutangazwa, na nafasi ya sababu ipo wazi mpaka leo.

Ukurasa anaoupenda zaidi ni wa Novemba 2022. Mkutano Mkuu wa 20 wa chama cha China ulimalizika 22 Oktoba. Akabandika kwa mfuatano wageni waliopokelewa Beijing mara baada yake: Nguyen Phu Trong wa Vietnam, Shehbaz Sharif wa Pakistan, Samia Suluhu Hassan wa Tanzania, Olaf Scholz wa Ujerumani. Jirani wa chama kimoja, rafiki wa mpakani, Afrika, kisha Ulaya. Hakuandika maelezo yoyote. Foleni inajieleza, kama ambavyo ziara ya Xi Dar es Salaam ya Machi 2013 ilijieleza, siku chache tu baada ya kuwa Rais.

Kuna watakaosema gazeti la serikali halina la kusoma kwa sababu linasema ambacho serikali inataka kisemwe. Mzee anakubali sehemu ya pili na kukataa ya kwanza. Kujua dola inataka uone nini, kwa mpangilio gani, na tangu lini, ni elimu kubwa, ilimradi usijidanganye kwamba umesikia yaliyosemwa ndani ya chumba. Naye anapima magazeti yetu kwa rula ile ile anayopimia ya Beijing. Sijaona mwanahabari mwenye kompyuta na intaneti anayefanya kazi hii kwa uaminifu kumzidi.

Kila siku Kariakoo magazeti ya zamani huuzwa kwa kilo kwa wafungaji wa maandazi na misumari. Ndugu msomaji, kama kuna Uhuru, Nationalist au Daily News za miaka hiyo kwenye sanduku la marehemu babu, usiziuze kabla hujauliza kwanza Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kama wanazo.