Likizo kwa Tone la Damu

Mwaka 1919 jarida la The Lancet la Uingereza lilichapisha makala ya Ludwik Hirszfeld na mkewe Hanna, madaktari Wapolandi waliolihudumia jeshi la Serbia huko Thessaloniki, Ugiriki, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Walikuwa wamepima damu ya watu wapatao 8,000, wengi wao askari, kutoka jamii 16. Waligundua kwamba kundi A lilikuwa jingi zaidi Ulaya, na B likaongezeka kadiri walivyowageukia watu wa Asia na Afrika. Utafiti wa mgawanyo wa makundi ya damu duniani una deni kubwa kwao, nami naliheshimu.

Kinachonikera ni jedwali lao. Ulaya imechambuliwa: Waingereza, Wafaransa, Waitalia, Waserbia, Wagiriki, Wabulgaria. Askari wa Senegal wamepewa neno moja: weusi. Majina hayo yalitoka kambini, kabla sindano haijamgusa mtu. Halafu, kwa kutumia uwiano wa A na B, Msenegali, Mmalagasi, Mhindi na Mvietinamu wakatiwa kapu moja, "aina ya Kiasia na Kiafrika".

Hirszfeld alisimulia walivyoipata damu hiyo katika kitabu cha maisha yake kilichotoka Poland mwaka 1946. Mwingereza alitosheka kuambiwa ni kwa ajili ya sayansi. Mfaransa alitaniwa kuhusu mapenzi. Askari weusi waliambiwa kipimo kitaonyesha nani anastahili likizo, wakanyoosha mikono papo hapo.

Kisa hicho kimeandikwa kwa mzaha. Mimi nakisoma kama ushahidi. Hakuna kipimo cha damu kinachotoa likizo; walidanganywa watu waliochoka vita vya mkoloni, wakiwa mbali na kwao. Kinachouma zaidi ni kwamba mwandishi alikiandika baada ya kutoroka gheto la Warsaw, alikofungiwa mwaka 1941 kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Alikuwa ameonja kupangwa na watu walioabudu damu, na bado mzaha ule ukabaki.

Takwimu zao ziliendelea kunukuliwa. Uongo uliozizaa ukabaki kitabuni. Sisi tunaojifunza kusoma majedwali huulizwa kwanza idadi ya sampuli. Ningeongeza safu moja tu kwenye jedwali la Thessaloniki: huyu aliambiwa nini?