Ufa na Sababu Yake: Sifa ya Ufundi wa Chesisi

Zipo kazi ambazo hufanywa chini ya kitu wala si juu yake, na kwa sababu hiyo husahauliwa upesi na walewale wanaonufaika nazo. Mojawapo ni kazi ya kukagua na kuimarisha chesisi ya trela ndogo ya kupigia kambi. Chesisi ni fremu ya vyuma inayobeba nyumba ya trela na kushikilia ekseli yenye magurudumu, na ambayo kwa mbele huchomoza mkono wa kuvutia, yaani vyuma viwili vinavyokaribiana hadi kukutana kwenye kichwa cha kuungia, kile kinachokaa juu ya tufe la chuma lililofungwa nyuma ya gari. Ufundi huu hausifiwi kwa wingi wa chuma kinachoongezwa. Unasifiwa kwa sababu unamtaka mtu aijue njia ambayo nguvu hupita ndani ya chuma, na autafute ufa pamoja na chanzo chake kabla ya kushika mashine ya kuchomelea.

Mfano ulio wazi unapatikana Kanada. Mwaka 1968, katika mji wa Winnipeg ulioko jimbo la Manitoba, Ray Olecko alianza kutengeneza trela iliyoitwa Boler, ambayo nyumba yake ilifanywa kwa maganda mawili ya faibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu, ganda la juu likiunganishwa na la chini katikati ya ukuta. Urefu wake ulikuwa takribani mita 4, na wepesi wake ulikuwa wa kiasi kwamba hata gari la kawaida la familia liliweza kuivuta. Utengenezaji ulikoma katika miaka ya 1980, lakini trela hizo zingali zinasafiri, kwa kuwa faibaglasi haishiki kutu. Fremu iliyo chini yake ni ya chuma, na chuma hakikujaliwa hivyo. Matokeo yake ni kwamba mmiliki wa leo huvuta nyumba yenye umri wa nusu karne, iliyokaa juu ya vyuma vyembamba vilivyokadiriwa kwa mzigo mdogo, huku yeye akiwa ameongeza betri, friji, mtungi wa pili wa gesi na tangi la maji la lita 40, ambalo likijaa huongeza kilo 40 kwa maji peke yake.

Ili kuelewa mahali fremu hiyo inapoumia, yafaa kukumbuka kwamba trela hushikiliwa mahali pawili tu, yaani kwenye tufe na kwenye ekseli, na kwamba sehemu kubwa ya mzigo hukaa kati ya hapo. Desturi ya Marekani na Kanada ni kwamba tufe libebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, kwa maana kwamba trela yenye kilo 600 huegemeza kilo 60 hadi 90 juu ya gari. Uzito huo ukipungua mno, trela huanza kuyumba huku na huku kadiri mwendo unavyoongezeka. Ukizidi mno, nyuma ya gari hulemewa na magurudumu ya mbele hupoteza mshiko wake barabarani. Tufe nalo huusukuma mkono wa kuvutia kwenda juu, na nguvu ya kuupinda mkono huo huongezeka kwa kila sentimita kuelekea nyuma, hadi pale unapoingia chini ya ukuta wa mbele wa nyumba, ambapo ukakamavu hubadilika ghafla. Hapo upande wa chini wa chuma huvutwa ilhali upande wa juu hugandamizwa. Fundi mzoefu huanzia hapo, kisha huenda kwenye mapindo ya fremu na kwenye vishikizo vya ekseli.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba chuma kinaweza kukatika kwa mzigo ambao kilikwisha kuubeba mara elfu nyingi bila kulalamika. Tarehe 8 Mei 1842, ekseli ya kichwa cha treni iliyokuwa ikitoka Versailles kwenda Paris ilivunjika, mabehewa yakapandana na kuwaka moto, na zaidi ya watu 50 wakafa. Maafa ya namna hiyo yaliwasukuma wahandisi kuchunguza kile ambacho leo huitwa uchovu wa metali, yaani udhaifu unaotokana na mkazo unaokuja na kuondoka bila kikomo, kama waya unaopindwa huku na huku hadi ukakatika mkononi. Katika miongo iliyofuata August Wöhler, mhandisi wa reli wa Ujerumani, alifanya majaribio marefu juu ya ekseli na kuonyesha kwamba kinachoua chuma si ukubwa wa mzigo mmoja pekee, bali pia tofauti kati ya mkazo wa juu na wa chini, na idadi ya mara ambazo mkazo huo unarudiwa. Kila shimo la barabarani, kwa hiyo, huandika kitu ndani ya fremu, na maandishi hayo hayafutiki kwa kupaka rangi mpya.

Kazi ya mkaguzi ni kuyasoma maandishi hayo. Kwanza trela huinuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi imara, kwa kuwa jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake. Kisha tope, lami na rangi iliyobambuka huondolewa kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane. Nyundo ndogo hupitishwa juu ya fremu yote. Chuma kizima hulia kwa mlio mkali, ilhali kilicholiwa na kutu kwa ndani hutoa sauti nzito, na pengine nyundo huzama. Mstari mwembamba wa kutu unaotokeza katikati ya rangi nzima hutiliwa shaka kuliko kutu pana ya juujuu, maana mara nyingi ni maji yaliyoingia ndani ya ufa yakitoka na unga wa chuma.

Panapokuwa na shaka, hutumika rangi ya kupenya, ambayo ni kimiminika chekundu chepesi sana kinachoweza kuingia katika ufa usioonekana kwa jicho. Chuma husafishwa kwa kiyeyushi, rangi hupakwa na kuachwa kwa dakika 10 au zaidi, kisha hufutwa kabisa kwa kitambaa hadi pasionekane wekundu wowote. Hatimaye hupuliziwa unga mweupe. Kama chuma ni kizima, weupe hubaki weupe. Kama kina ufa, rangi iliyojificha hunyonywa na unga, na polepole mstari mwekundu hujichora, ukionyesha ufa ulipoanzia na ulipofikia. Ncha ile ya mwisho ndiyo inayotafutwa, kwa sababu hapo ndipo mkazo hukusanyika na ndipo ufa utakapoendelea kesho.

Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na onyo hilo ni la kweli, lakini fundi wa chesisi analazimika kulikamilisha: ufa uliozibwa bila kuulizwa sababu hurudi kandokando ya kiraka. Katika trela nyingi za aina hii ekseli haina springi za chuma. Ni bomba lenye mipira iliyoshindiliwa ndani, ambayo hubanwa na kuachiliwa gurudumu linapopanda na kushuka. Mipira hiyo ikizeeka hukakamaa, na mshtuko uliopaswa kumezwa nayo hupokelewa moja kwa moja na fremu. Anayechomelea ufa na kuiacha ekseli iliyokufa ameondoa dalili na kuuacha ugonjwa. Vivyo hivyo kwa mwenye trela ambaye hajawahi kuipima: uzito wa juu ya tufe na uzito wa trela nzima vijulikane kwa mizani, vyombo vyote vikiwa ndani, si kwa kukisia.

Sababu ikijulikana, ndipo uimarishaji unapokuja, nao una adabu zake. Mitungi ya gesi huondolewa na betri hutenganishwa. Waya wa ethi hubanwa karibu na mahali pa kazi ili umeme usipite kwenye beringi za magurudumu na kuziharibu. Na ekseli yenye mipira hufunguliwa au huwekwa mbali na joto. Ncha ya ufa hutobolewa tundu dogo la mviringo ili mkazo usiwe na kona kali ya kuanzia, ufa hukatwa kwa grenda hadi uwe mfereji, na mfereji hujazwa kwa mshono uliopenya hadi chini. Juu yake huwekwa bapa la chuma lililosimamishwa ubavuni mwa fremu. Husimamishwa kwa sababu kimo cha bapa kikizidishwa mara 2, uwezo wake wa kuhimili kupindwa huongezeka mara 4 na ukakamavu wake mara 8, ilhali kuuzidisha unene kiasi hicho huvizidisha vyote viwili mara 2 tu. Miisho ya bapa hukatwa kwa mshazari, si wima, ili ukakamavu uongezeke taratibu. Na mshono haupitishwi kwa mkingamo chini ya fremu, kwani upande huo ndio unaovutwa, na joto la kuchomelea hudhoofisha ukanda ulio kando ya mshono. Kwa hiyo bapa zito lililokatwa wima na kuzungushiwa mshono pande zote, ingawa humpendeza mwenye trela, huweza kuzaa ufa mpya palepale linapoishia.

Kutokana na hayo yaonekana kwamba kipimo cha fundi huyu ni uamuzi wake, na uamuzi mzito kuliko yote ni ule wa kukataa. Fremu iliyoliwa na kutu kwa ndani haiimarishwi. Nyumba ya faibaglasi hufunguliwa boliti zake, huinuliwa, na fremu mpya hujengwa, huku umbali wa kona hadi kona ukipimwa kwa mishazari yote miwili hadi ulingane, ili ithibitike kwamba fremu imekaa mraba. Fundi anayesema hivyo hupoteza kazi ya siku moja yenye malipo ya haraka, na pengine humuudhi mteja aliyekwisha kupanga safari. Lakini trela inayokatika mkono haimdhuru mwenye nayo peke yake. Humwendea anayekuja upande wa pili, ambaye hakushauriwa lolote. Kwa kuwa huyo hayupo gereji wakati uamuzi unafanywa, ni fundi anayepaswa kuwa wakili wake, na ufundi unaolinda haki ya mtu asiyekuwapo una daraja miongoni mwa kazi zinazostahili kufundishwa, kulipwa vizuri na kuheshimiwa.